Midagu ya ua wa mbele, Voi: shajara ya mradi

Februari 2023

Mwenye ploti amechoka kulipia maji ya nyasi. Ua wake wa mbele una nyumba za wapangaji pande mbili, geti katikati, na ukanda wa udongo mwekundu ambao tangu mwishoni mwa 2020 umekula pesa bila kurudisha chochote. Misimu mitano mfululizo mvua imekwepa sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya Kenya, na sisi wa Voi hatukusazwa. Maji ya chemchemi za Mzima yakikatika bombani, wapangaji hununua ya mkokoteni, na hakuna atakayemwagia nyasi maji aliyoyanunua kwa mtungi. Nyasi zimekufa, na mawaridi ya kando ya ukuta yamekufa pia. Imebaki bogenvilia, mgeni wa Amerika Kusini aliyekwisha kuzoea kila ukuta wa mji huu.

Fundi alikuwa ameshampa bei ya kutandika matofali ya kabro, ua mzima. Nikamwomba asubiri kidogo.

"Mama, nipe misimu minne nikupandie kitu kisichodai maji."

"Kitu gani hicho?"

"Mdagu."

Akacheka. "Ule wa porini? Ule wa sumu? Mwanangu, mimi nina watoto wa watu humu ndani."

Suala la sumu ni la haki na nitalirudia. Lakini kwanza mmea wenyewe. Mdagu ni Adenium obesum, ule ambao wauza maua wa Nairobi na Mombasa huuita waridi la jangwani. Ni wa ukoo mmoja na oleanda na frangipani. Ukipita barabara kuu ya Mombasa mwezi wa tisa, nchi nzima ya Tsavo ikiwa kijivu, utaona vichaka visivyo na jani hata moja, vyenye shina nene lililovimba chini na maua mekundu-waridi yaliyojaa kwenye ncha za matawi. Ndivyo hivyo. Unaota kuanzia Senegali kupitia ukanda wa Sahel hadi Pembe ya Afrika, ukashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya bahari uko Yemen na Oman. Binamu yangu anayefanya kazi Salalah alinitumia picha za milima ya Dhofar, na nisingeambiwa ni wapi ningesema ni njia ya kwenda Taveta. Mzungu wa kwanza kuuandika kitaalamu, Pehr Forsskål, aliukuta Yemen, akafia hukohuko mwaka 1763; maandishi yake yakachapwa 1775, yeye akiwa kaburini miaka kumi na miwili.

Miche naipata wapi? Njia ya mkato ni kununua iliyong'olewa porini. Inauzwa, msijifanye hamjui: tumbo kubwa, mizizi imekatwa kwa panga, imewekwa kwenye ndoo ya mchanga mbichi ili ionekane hai hadi iuzwe. Mdagu wenye shina la upana huo umekaa mahali pake miaka mingi kuliko umri wa anayeung'oa. Sitaki. Ndani ya hifadhi ni kosa la jinai kuung'oa, na nje ya hifadhi nauona ni uvivu tu.

Njia ya pili ni miche ya kigeni. Watu wa Thailand na Taiwan wameuzalisha mmea huu mpaka umepata maua ya tabaka mbili na tatu, ya manjano, hata ya zambarau karibu na weusi. Mizuri, sikatai. Mingi imeungwa: wanakata kichwa cha mche wa kawaida wanaunganisha kijitawi cha aina wanayoitaka. Mama mwenyewe anao mmoja alionunua Mombasa, na utakaa kwenye chungu kibarazani tulinganishe.

Njia ya tatu ni vipandikizi vya matawi. Vinashika haraka, lakini mche wa tawi haujengi lile tumbo la chini vizuri kama wa mbegu, na tumbo ndilo tangi lake la maji. Kwa bustani isiyomwagiliwa, mbegu.

Machi 2023

Mbegu nimezitoa kwenye vichaka vya kale katika shamba la rafiki upande wa Mwatate, pembeni mwa eneo la mkonge. Maganda ya mdagu hutoka mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, yametanuka mfano wa pembe za mbuzi. Yakiwa ya kijani hayafai. Yakigeuka kijivu-kahawia na mstari wa ubavuni ukaanza kufunguka, una siku chache tu kabla upepo haujafika. Kila mbegu ni kijiti chembamba chenye shungi la nywele ncha zote mbili, na ikishanyanyuka hutaiona tena. Kwa hiyo tulikuwa tumeyafunga maganda kwa uzi mapema. Rafiki yangu aliona ni mambo ya ajabu, kuufunga mti kamba. Alipopasua la kwanza mbele ya feni ya dukani kwake, akaelewa.

Mbegu hizi hazipendi kuwekwa. Mbichi ya mwezi huu inaota karibu yote. Ya mwaka jana ni kubahatisha. Nimepanda wiki hiyohiyo.

Mchanganyiko wa trei: mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu mbili, vipande vidogo vya matofali sehemu moja, vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi sehemu moja. Mbegu imelazwa, si kusimamishwa, na kufunikwa kwa mchanga mwembamba kiasi cha kuificha tu. Trei naziweka kwenye karai la maji mpaka uso ubadilike rangi, halafu nazitoa. Kumwagia kwa juu kunazisukuma mbegu zote kwenye kona moja.

Na joto la Voi mwezi wa tatu halihitaji kifaa chochote. Ndani ya wiki moja zilizo nyingi zimetoka. Majani mawili ya kwanza ni manene, na tayari chini yake kishina kimevimba, kabla hata jani la kweli halijachomoza. Inaonekana mmea unaanza kuweka akiba kabla ya kuanza kula.

Mvua za masika zimerudi. Mji mzima unapumua. Trei nimezisogeza chini ya mabati.

Juni 2023

Kidogo cha kusimulia. Miche kadhaa ilianguka shingoni wakati wa masika, ugonjwa wa kawaida wa kitaluni: kishina kinanyauka usawa wa mchanga na mche unalala. Nimepunguza maji, nimeongeza upepo, umekoma. Iliyobaki imehamia kwenye makopo ya kilo moja yaliyotobolewa sana chini. Jua nimewapa kwa awamu, asubuhi kwanza, kisha hadi saa sita, kisha lote. Mche uliotoka kivulini ukaanikwa siku moja unaungua upande mmoja wa shina, na kovu lile halifutiki.

Mbolea ni mbolea ya mbuzi iliyooza sawasawa, kidogo. Ukiilisha midagu mbolea ya kukuzia majani inarefuka na kulegea, tumbo linabaki dogo.

Agosti 2023

Kazi ya udongo. Udongo wetu mwekundu una tabia mbili zinazogombana: ukikauka unahitaji sururu, ukilowa unashika maji na kuyakalia. Mdagu wa porini nimeuchunguza unapopenda kukaa: mianya ya miamba, miteremko ya kokoto, mahali ambapo maji hupita bila kutuama. Kwa hiyo hatukuchimba mashimo. Tulijenga kwenda juu. Chini kifusi cha ukuta wa zamani, juu yake kokoto, juu yake mchanga wa mto uliochanganywa na udongo kidogo na mboji. Tuta lina kimo cha sentimita 40 katikati na limeinamia pande zote mbili. Vijana wawili, toroli moja, na ubishi mwingi kuhusu kwa nini tunarudisha kifusi ambacho mwaka juzi walilipwa kukitoa.

Tatizo ni gata. Maji ya paa la upande wa kushoto yanamwagika karibu na mwisho wa tuta. Nimeomba gata ielekezwe kwenye tangi. Fundi ameahidi.

Mzee mmoja wa Sagalla, rafiki wa familia, alipita akasimama getini.

"Sikia, kijana. Unawapandia wapangaji sumu ya mishale?"

"Shikamoo mzee. Sumu ya mishale ya huku ni mti mwingine."

Tukazungumza. Wawindaji Waata wa Tsavo, waliokuwa wakiangusha ndovu kwa upinde, walipika sumu yao kutokana na Acokanthera, mti wa ukoo huohuo lakini si mdagu. Wanaotumia mdagu ni kama Wahadza wa Ziwa Eyasi kule Tanzania, wanaochemsha utomvu wake mpaka ugande wapake mishale. Utomvu wa mimea yote miwili hushika moyo: una kemikali zinazovuruga mapigo. Mzee alikuwa na haki kuuliza. Akaongeza kwamba oleanda iliyo kwenye kila shule ya mjini ni sumu ya namna hiyohiyo, na hakuna anayeipigia kelele, kwa kuwa ililetwa na Wazungu. Nikamwachia hiyo.

Tulichofanya: midagu inakaa nyuma ya safu ya mawe, mita moja kutoka njia. Nimewakusanya watoto wa ploti nikawaonyesha jani likikatwa na utomvu ukitoka, nikawaambia usiguse macho, usionje, ukishika nawa kwa sabuni. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alinirudishia somo lote jioni ile mbele ya mama yake, kwa sauti ya mwalimu. Mimi mwenyewe napogoa kwa glavu. Matawi yaliyokatwa hayatupwi ovyo wala hayawashiwi moto wa jikoni.

Oktoba 2023

Idara ya Hali ya Hewa inasema vuli ya safari hii itakuja na El Niño. Miche ina miezi saba, tumbo la ukubwa wa limau, majani mengi. Imefika wakati wa kutoka makoponi. Swali ni kama mmea uliotafutwa kwa ajili ya ukame unapaswa kutolewa nje wiki chache kabla ya gharika.

Nimeigawa. Nusu imeingia kwenye tuta sasa ili mizizi ishike kabla maji hayajaja. Nusu inabaki kwenye makopo chini ya mabati hadi Januari. Mama anaona ninasitasita. Mimi naona ni njia pekee ya kujua tuta linafanya kazi au ni rundo la kifusi lililopambwa.

Upanzi: mche hauzikwi zaidi ya ulivyokuwa. Shingo ya tumbo inabaki juu ya mchanga, na kokoto zinazunguka shingo ili ikauke haraka baada ya mvua. Baada ya kupanda sikumwagia maji kwa wiki nzima, mpaka vidonda vya mizizi vifunge. Mpangaji mmoja aliniona nikiondoka bila kumwagia akachukua ndoo yake. Tulielewana.

Novemba na Desemba 2023

Mvua imenyesha ya kutosha kulipa madeni ya miaka mitatu. Barabara zimekatika sehemu nyingi za pwani na kaskazini mashariki, watu wamehama makwao huko Tana River, na hapa kwetu makorongo ambayo watoto hawajawahi kuyaona na maji yamejaa pomoni. Kuandika habari za maua wakati huo kulikuwa na aibu yake. Lakini shajara ni shajara.

Tuta lilisimama. Maji yalipita chini yake na kutoka upande wa geti, kama tulivyokusudia. Midagu ya katikati ilitoa majani mapana ya kijani iliyokolea ambayo sijawahi kuyaona porini, na tumbo zikakaza hadi ganda likang'aa.

Mwisho wa kushoto ni habari nyingine. Gata haikuelekezwa, na fundi alipokea simu zangu kwa adabu mpaka mvua ikaisha. Maji ya paa yalidunda palepale kila usiku.

Kuoza kwa mdagu hakuanzi kwa kuonekana. Jani halinyauki mapema, mpaka uchelewe. Unachotakiwa kufanya ni kupita kila asubuhi na kidole gumba. Tumbo la mdagu mzima ni gumu, ukilibonyeza linakurudishia nguvu. Lenye ugonjwa linazama na kubaki limezama, ngozi inateleza juu ya nyama, na ukinusa kuna uchachu. Mche wa tatu kutoka mwisho ulikuwa na doa hilo upande wa nyuma, pasipoonekana, pana kiasi cha sarafu ya shilingi kumi.

Nimeung'oa. Kisu kimepanguswa kwa spiriti. Mkato wa kwanza: nyama ya kahawia, yenye maji, inayotoka kwa ncha ya kidole. Nikapangusa kisu tena. Mkato wa pili, ndani zaidi: rangi ya manjano-chungwa, ngumu lakini ina michirizi. Wengi huishia hapo, kwa kuwa wanauonea huruma mmea, na ile michirizi ndiyo inayoendelea kuula. Nikaendelea hadi nikafika penye weupe mtupu, mkavu kiasi, utomvu ukitoka pande zote sawasawa. Theluthi nzima ya tumbo ilikwenda. Mizizi ya upande huo yote ilikwenda. Nikapaka jivu la kuni lililochekechwa, nikauning'iniza kichwa chini chini ya paa la stoo, kwenye upepo, bila maji, bila udongo.

Wapangaji walidhani nimetundika hirizi.

Ilikuwa zaidi ya mmoja. Miwili ya mwisho kabisa haikuokoka: kuoza kulikuwa kumepanda hadi kwenye shina, na palipokosa weupe hapana cha kuokoa. Ile iliyotundikwa ilifunga kidonda kwa ngozi ngumu ya kijivu ndani ya wiki mbili hivi, nikairudisha kwenye makopo yenye mchanga mkavu. Imekaa hivyo hadi Krismasi bila tone. Yote imechipua majani mapya kwa akiba ya tumbo lililobaki.

Na yule wa Mombasa, wa maua ya tabaka tatu? Ulikuja umepandwa kwenye makumbi matupu, yanayokaa na maji. Hata kibarazani, unyevu wa hewa ulitosha kuangusha matumba yote ya maua kabla hayajafunguka. Nimembadilishia mchanganyiko. Mama amenuna, si kwangu, kwa aliyemuuzia.

Februari 2024

Nusu ya makoponi imeingia kwenye tuta, kwenye udongo uliokauka. Gata sasa inaelekea kwenye tangi. Hatimaye.

Wageni wa mwezi huu ni viwavi. Jioni mche una majani, asubuhi una vijiti. Niliwatafuta kwa tochi nikamkuta mmoja mnene karibu na kidole changu cha kati, kijani kibichi, ana kipembe mkiani, na nyuma ya kichwa madoa mawili ya buluu yenye mduara mweusi ambayo bila shaka ndege huyadhania macho. Ukimgusa anainamisha kichwa na madoa yanatanuka. Ni kiwavi wa Daphnis nerii, yule nondo mkubwa wa kijani anayekula oleanda. Sumu inayosimamisha moyo wa mnyama yeye anaitafuna usiku kucha. Ni mwenyeji wa Afrika hii kama mdagu wenyewe, kwa hiyo sikupulizia dawa. Nimewaokota kwa mkono nikawahamishia kwenye oleanda ya uwanja wa jirani, kwa ruhusa ya jirani, ambaye anaichukia oleanda ile.

Vidukari vya manjano vilikuja pia kwenye ncha changa. Maji ya sabuni, siku chache, basi.

Midagu iliyopoteza majani ilichipua upya. Kwa kweli imetoa matawi zaidi kuliko isiyoliwa, maana viwavi walikula na vichipukizi vya ncha. Nimechukua somo hilo bure na kukata ncha za mingine kwa kisu.

Mei 2024

Masika yamepita, mazito Nairobi kuliko huku. Hakuna kilichooza.

Julai na Agosti 2024

Hiki ndicho kipindi kilichonipa kazi kubwa kuliko vyote, na kazi yenyewe ilikuwa kuzuia watu.

Kipupwe kimeingia, usiku una ubaridi, mvua hakuna. Majani ya midagu yamegeuka manjano kuanzia chini na kudondoka, yote, ndani ya wiki chache. Ua wa mbele una safu ya mashina ya kijivu yasiyo na chochote. Mpangaji wa nyumba ya pili alinipa pole. Wa nyumba ya tano alianza kumwagia maji yake ya kufulia kwa siri. Mama akanipigia.

"Imekufa, mwanangu. Usinifiche."

"Haijafa, Mama. Imelala."

"Kwa nini haimwagiliwi basi?"

"Kwa sababu imelala."

Nikaenda nikamwonyesha. Kwanza, kwaruza tawi kwa ukucha: chini ya ngozi ya kijivu kuna kijani. Pili, bonyeza tumbo. Limelegea kidogo kote, sawasawa, na ngozi ina makunyanzi. Huko ni kutumia akiba. Kuoza huwa mahali pamoja na kuna majimaji. Anayeshindwa kutofautisha hali hizi mbili ndiye anayeua midagu Julai, anaona makunyanzi anakimbilia ndoo, na mizizi isiyo na majani ya kuvuta maji inakaa ndani ya tope baridi.

Wa Mombasa, kwa kuwa uko kibarazani na Mama anaumwagilia, haukuangusha majani. Unapendeza. Lakini unakunywa, na bustani hii ilianzishwa kwa ajili ya kisichokunywa.

Sina ubishi na anayetaka kijani mwaka mzima. Huku kwetu kijani cha Agosti kinanunuliwa, na anayekinunua ajue bei yake. Mimi nadhani tatizo la bustani zetu za Voi ni kwamba tumefundishwa kuona kijivu ni kushindwa. Milima yote inayotuzunguka ni ya kijivu mwezi huo, na hakuna anayeipa pole.

Septemba 2024

Mwanzoni mwa mwezi, bila tone la mvua, matumba ya maua yametokea kwenye ncha za matawi yaliyo uchi. Mche wa kwanza kufunguka ni mmoja wa ile iliyotundikwa stoo. Sina maelezo, huenda ni bahati tu.

Maua hayafanani, kwa kuwa ni ya mbegu. Mengine ni ya waridi iliyokolea ukingoni, yakififia hadi weupe kooni. Mengine karibu mekundu. Mmoja una petali nyembamba zilizojikunja, Mama anasema ni mbaya, mimi ndio ninaoupenda. Kwa jumla yamekaa wazi zaidi ya mwezi, yakipokezana.

Sasa kuhusu mbegu za kizazi kijacho. Mdagu mmoja peke yake bustanini mara nyingi hauzai maganda, hata uchanue vipi, kwa sababu unakataa chavua yake mwenyewe. Inahitajika miwili isiyo ya tawi moja. Na hata ikiwapo miwili, chavua imefichwa. Ukichungulia kooni utaona nyuzi tano ndefu zilizosokotana. Hizo ni mikia ya stameni, sehemu za kiume za ua. Zifuate chini hadi kwenye koni ndogo ngumu. Chavua iko ndani ya koni hiyo, juu, na sehemu ya stigma inayoipokea iko chini yake, imezibwa.

Nilivyofanya: asubuhi kabla ya jua kali, nimechukua ua la mche A, nimelipasua koo kwa wembe hadi koni ionekane, nimetenganisha stameni mbili kwa ncha ya kijiti cha meno na kuchota unga mweupe-manjano. Kisha kwenye ua la mche B nimepasua dirisha dogo ubavuni mwa koo, nikaingiza kijiti kati ya stameni mbili, chini, pale penye utando unaonata. Ukiona unga umebaki ndani na kijiti kimetoka kitupu, umefanikiwa. Uzi wa rangi kwenye kikonyo, rangi moja kwa kila mzazi. Mtoto wa darasa la tatu, sasa wa nne, ndiye mshika nyuzi.

Mengi yalidondoka. Machache yakabaki, na kitako cha ua kikaanza kugawanyika pembe mbili.

Februari 2025

Vuli iliyopita ilikuwa hafifu. Majirani wenye nyasi wamerudi kwenye mkokoteni. Tuta halijapata maji ya mtungi hata mara moja tangu lipandwe, ila ile midagu ya ukingoni iliyokuwa ikimwagiliwa maji ya kufulia kwa siri, ambayo, niseme ukweli, ina majani ya hovyo na matawi marefu yaliyolala. Nitaipogoa Machi kabla ya mvua.

Maganda yamevishwa vipande vya soksi ndefu za nailoni, maana uzi peke yake huachia ganda likipasuka ubavuni. La kwanza limefunguka juzi. Mbegu zimejaa ndani kwa mpangilio, shungi zimelaliana upande mmoja. Nimeziandika kwa rangi za nyuzi: nyekundu kwa kijani, nyekundu kwa nyeupe, na ganda moja la ule wenye petali zilizojikunja, ambalo Mama ameniambia nisimpandie kwake.

Trei ziko tayari, mchanganyiko uleule isipokuwa makumbi nimepunguza nusu. Nusu ya mbegu inakwenda kwenye shule iliyo nyuma ya ploti, ambako mwalimu wa kilimo ameshajenga tuta la kifusi bila hata kuniuliza vipimo. Lina kimo kikubwa kuliko langu, na kwa eneo lile lenye maji ya uwanja mzima nadhani yuko sahihi. Zilizobaki ni za upande wa pili wa geti. Kokoto zimeagizwa, na mafundi wa gata nimewaita kabla ya vijana wa toroli.